Ulikuwa unalipia muziki siku zote, ila hela ilikuwa inaishia kibandani

ULIZA TUKUJIBU, Nyanda za Juu Kusini

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu hapa kuhusu vibanda vya kuweka nyimbo vinavyofungwa, nikajua imepita hiyo, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kuanzia Tunduma mpaka Iringa. Nimechagua tano, na moja nimeikata maana ilikuwa ndefu kama barua ya posa, mwenyewe anisamehe.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nipo Mwanjelwa hapa Mbeya, toka 2011 nina kibanda cha kuweka nyimbo kwenye memori kadi na flashi, nyimbo moja shilingi 50, ukichukua nyingi tunaelewana, na kazi hiyohiyo imesomesha wadogo zangu wawili. Siku hizi nakaa kutwa nzima wanakuja kuulizia chaja na kava za simu tu. Nikiwauliza wananiambia sisi tunasikiliza hukohuko kwenye apu. Hivi ni kweli watu wameacha kudaunlodi nyimbo za wizi au wameokoka wote siku moja? Maana polisi hawajawahi kunigusa hata mara moja. (Kijana wa Mwanjelwa)

JIBU: Mdogo wangu, hakuna aliyeokoka. Watu ni walewale, uvivu wao ndo umepata sehemu nzuri zaidi ya kukaa.

Ngoja nianzie kwenye kibanda chako maana mabenchi ya vibanda kama hicho nimeyakalia sana. Kompyuta ya mezani imevuliwa kava ipumue, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga, kadi rida imefungwa rababendi. Mteja anachomoa memori kadi ya GB 2 kwenye kitochi, anaipuliza kwanza, we unaichomeka unakuta virusi vimegeuza mafolda yote kuwa shotikati, unasafisha, unamuuliza nikuwekee nini, anakwambia changanya. Changanya! Na mle ndani ya mashine mafolda yameandikwa BONGO MPYA, BONGO MPYA 2, MPYA KABISA, GOSPO, ZILIPENDWA, ZA KINYAKYUSA, nusu ya nyimbo zinaitwa Track 01 na msanii hajulikani, nyingine kabla hata biti halijaingia unasikia sauti ya mtu anataja tovuti ilikotolewa, na sauti hiyo tukaizoea mpaka siku unausikia wimbo redioni bila yeye unaona kama wamekupunja.

Sasa yaliyokukuta wewe yaliwakuta wenzako wa mbali mapema, tena kwa kishindo. Juni 1999 huko Marekani kijana aliyeacha chuo, Shawn Fanning, na mwenzake Sean Parker walitoa Napster, programu iliyokuwa inaiwezesha kompyuta yako kuchungulia nyimbo zilizoko kwenye kompyuta ya mtu mwingine na kuzibeba, yani kibanda kama chako ila cha dunia nzima, tena bila hata hiyo hamsini. Metallica wakaenda mahakamani Aprili 2000, makampuni ya rekodi nayo yalikuwa yameshashtaki kabla yao, Julai 2001 Napster ikazimwa. Ilisaidia? Wapi. Watu wakahamia LimeWire, programu nyingine ya namna hiyohiyo, wakahamia kwenye torenti, yani kubeba faili vipandevipande toka kwenye kompyuta za watu wengi, na kuanzia Septemba 2003 makampuni yakaanza kuwashtaki mpaka wasikilizaji wenyewe, akiwemo binti wa miaka 12, na bado watu wakaendelea kubeba kama kawaida. Mpaka kufika 2014 zaidi ya theluthi moja ya mapato yaliyokuwepo mwaka 1999 kwenye muziki wa kurekodiwa ilikuwa imeyeyuka.

Kilichogeuza upepo kilitoka Sweden, na hapo mimi hucheka, maana Sweden ndo hiyohiyo nchi ya Pirate Bay, mtandao wa torenti ulioanza 2003 na kusumbua dunia mpaka wenyewe wakahukumiwa Stockholm Aprili 2009. Mji huohuo ndo Daniel Ek na Martin Lorentzon walianzisha Spotify, apu ya kusikilizia muziki, mwaka 2006, wakaifungulia watu Oktoba 2008, na huyo Ek aliwahi kuwa bosi wa uTorrent kwa muda mfupi, programu ya kushushia hayohayo matorenti. Kwa hiyo jamaa alikuwa anajua mbebaji wa nyimbo anachoshwa na nini: kusubiri, virusi, wimbo unaokatikia kwenye kiitikio. Akaondoa hivyo vitu. Hakumhubiria mtu. Unaandika jina, wimbo unalia, basi, nani tena ahangaike na folda?

Huku kwetu ilichelewa. Spotify yenyewe imefunguliwa Tanzania Februari 2021. Kilichokuua wewe nahisi kilianza kabla, maana Boomplay ilianzia Nigeria mwaka 2015 ikawa inakuja imeshawekwa ndani ya simu za Tecno na ndugu zake, na we unajua simu za Mwanjelwa ni za nani. Mama aliyekuwa anakuletea kitochi chake kila Jumamosi kanunuliwa simu janja na mwanae, anakuta muziki umo tayari. Na Mdundo ya Nairobi, iliyoanza 2013, yenyewe inakupa nyimbo za kudaunlodi bure kabisa na ni halali, wanabandika tangazo mwanzoni mwa wimbo, tangazo ndo linalipa. Kwa hiyo ile sauti ya mwanzoni mwa wimbo haijafa mdogo wangu, imepata leseni tu.

Ila kuna kitu kimoja nabishana nacho kila siku. Wakubwa wa muziki wakikaa kwenye mahojiano wanasema Mtanzania hapendi kulipia muziki. Si kweli hata kidogo. Mteja wako aliyechukua nyimbo 40 alikuachia 2,000 mezani, taslimu, bila kudai risiti, na wiki ijayo akarudi. Enzi za rapa Sugu bado anaitwa Mr. II watu walikuwa wananunua kaseti tupu ili wakopi kwa jirani mwenye redio ya deki mbili, na kaseti tupu haikuwa bure. Huku tumelipia muziki miaka yote, shida hela ilikuwa inaishia kibandani, kwa fundi wa kompyuta, kwa Luku na kwa wadogo zako wawili, haikujua njia ya kwenda kwa msanii. Sisemi wewe ni mtu mbaya. Nasema ulikuwa duka pekee lililokuwa wazi.

Na usije ukadhani wizi umekwisha. IFPI, shirikisho la makampuni ya rekodi duniani, kwenye utafiti wake wa 2018 lilikuta wasikilizaji 38 kati ya 100 bado wanapata muziki kwa njia za wizi, 2019 wakashuka hadi 27, halafu 2023 wakawa 29, yani imeshuka ikagoma. Siku hizi wizi mkubwa ni wa kunyonya sauti kutoka YouTube kwa zile tovuti za kugeuza video kuwa mp3. Wewe mwenyewe najua ulikuwa unazitumia, usinijibu.

Cha kufanya sasa nimekuwekea kwenye jibu la katibu wa kwaya hapo chini, lisome.

SWALI: Kamwene mwandishi! Mimi nasoma chuo hapa Iringa, napanga Kihesa. Nataka kuacha hizi tovuti za bure maana zimeniletea mavirusi kwenye simu, ila rafiki zangu wananitisha kwamba kustrimu, yani kusikiliza hukohuko mtandaoni, kunamaliza bando kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na je, nikibonyeza kile kimshale cha kushusha ndani ya apu, si ni wizi uleule? (Binti wa Kihesa)

JIBU: Kamwene dada. La pili kwanza. Sio wizi. Kile kimshale kinahifadhi wimbo ndani ya apu, hutoi faili, humrushii mtu, na apu inahesabu ulivyousikiliza hata ukiwa huna mtandao ikija kupata mtandao inapeleka hesabu. Kwa Spotify huo mshale wa nyimbo ni wa wanaolipia tu, na lazima simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 la sivyo nyimbo zinajifunga.

Sasa bando. Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa chini, ule wa kilobiti 96 kwa sekunde, unakula kama MB 3. Ukiweka ubora wa juu wa 320 ni karibu MB 10. Kwa hiyo GB 1 inakupa nyimbo 300 na ushee au nyimbo 100, inategemea wewe umegusa nini kwenye mipangilio, na wengi hawajawahi hata kufungua hiyo sehemu, simu inajichagulia yenyewe halafu mtu analaani mtandao. Wimbo huohuo ukiuangalia kwa video YouTube, hata ile video ya ukungu ya 360, unaondoka na kama MB 20. Hapo ndo bando la rafiki zako linapopotelea, wanaacha video inacheza huku simu imelala kifudifudi mezani wanapika ugali.

Tena najua nyie mkipenda wimbo mnaurudia mara thelathini kwa siku. Ukiustrimu kila mara huo ni MB 90 kwa ubora wa chini, ukiushusha mara moja ni MB 3 zilezile. Apu nyingine zinatunza kidogo wimbo uliotoka kuusikiliza ila usizitegemee. Kwa hiyo shusha usiku kwa lile bando la usiku, au chuoni kama waifai yao siku hiyo imeamka vizuri, mchana unasikiliza bure. Na kabla hujalipia angalia kama ni malipo ya kujirudia. Mimi kuna apu moja, jina naliacha, nilijaribu wiki moja nikaisahau, ikawa inanikata kila wiki miezi mitatu kimyakimya, nikaja kugundua siku natafuta hela ya nauli ya kwenda Tukuyu.

SWALI: Kuangalia nyimbo YouTube bila kulipa chochote nako ni wizi? (Mama wa duka, Mafinga)

JIBU: Hapana mama. Yale matangazo yanayokukera ndo malipo yako. Ila hakikisha ni chaneli ya msanii mwenyewe, maana kuna watu wamejaza nyimbo za wenzao humo, na hilo linatupeleka kwa katibu.

SWALI: Bwana asifiwe. Sisi ni kwaya ya usharika hapa Rungwe, tupo waimbaji 42. Mwaka juzi tulichangishana tukarekodi albamu nzima ya sauti na video. CD tulizochapa ziliisha 80 tu, zilizobaki zipo ndani ya kabati la sakristia, watu wanasema hawana deki. Wakati huohuo kuna mtu tusiyemjua kaweka nyimbo zetu kwenye chaneli yake YouTube zinaangaliwa kweli, na kuna bodaboda huku ukipanda anazo nyimbo zetu zote nane kwenye flashi. Tunawezaje kuingia kwenye hizo apu, na kuna hela kweli au ni maneno? (Katibu wa kwaya)

JIBU: Amina katibu, ndaga sana kwa kuandika. Hili ndo swali lililonikalisha macho.

Kabla ya apu, mali ni ya nani? Mlimlipa prodyuza, sawa, lakini zile faili kubwa za nyimbo zipo wapi, kwenu au zimebaki kwenye kompyuta ya studio? Mna karatasi yoyote inayosema mwenye rekodi ni kwaya? Nimeona kwaya mbili zikigombana na studio kwa sababu ya hilo, na ya pili ilivunjika kabisa, wakaanzisha nyingine mtaa wa pili. Chukueni faili zenu, andikishaneni, halafu msajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, iliyowekwa na sheria namba 7 ya mwaka 1999. Usajili hauzuii bodaboda kuwa na flashi, ila siku mkigombana na yule wa YouTube mnakuwa na kitu mkononi.

Spotify na Boomplay haziendi mtu akabisha hodi na flashi yake, mnapitia kwa kampuni ya usambazaji wa mtandaoni. Zipo zinazotoza ada kwa mwaka, zipo za kukata asilimia kwenye mapato, someni mkataba mpaka mwisho hasa pale panaposema mkitaka kutoka mnatokaje. Wao ndo wanapeleka nyimbo kwenye apu zote, wanazipa ile namba ya utambulisho inayoitwa ISRC, na wengi wanaweza kuziandikisha kwenye mfumo wa YouTube unaotambua sauti, kwa hiyo yule bwana asiyejulikana mkitaka mnamwondoa, mkitaka mnamwacha video yake ikae lakini hela ya matangazo ije kwenu. Mimi ningemwacha. Ameshawafanyia promosheni miaka miwili, sasa afanye kazi.

Hela ipo? Ipo ila isije ikawagombanisha bure. Mfano Spotify wanachukua makusanyo ya mwezi, karibu theluthi mbili wanawaachia wenye nyimbo, wanagawa kufuatana na nani kasikilizwa kiasi gani. Makadirio yanayotajwa sana duniani ni dola 3 mpaka 5 kwa kila mara 1,000, na msikilizaji wa Tanzania analeta pungufu ya hapo kwa sababu analipia bei ndogo au halipii kabisa. Na toka 2024 wimbo usiposikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 Spotify hawaulipi kitu. YouTube nako ili matangazo yawalipe kwenye chaneli yenu mnatakiwa mfikishe wafuatiliaji 1,000 na masaa 4,000 ya kuangaliwa ndani ya mwaka. Kwaya ya watu 42 yenye ndugu Dar, Mbeya na Kyela hiyo sio kazi kubwa kama mkiamua, tatizo kila muimbaji anamtumia shangazi yake video nzima kwa WhatsApp badala ya kumtumia linki. Hapo mnajiibia wenyewe katibu.

Kwa ukubwa wake ona hivi: mwaka 2024 muziki wa kurekodiwa duniani uliingiza dola bilioni 29.6, asilimia 69 yake ni kustrimu, na Afrika yote ya kusini mwa Sahara kwenye huo mfuko ilikuwa na dola milioni 110, ndo kwanza imevuka milioni 100. Haifiki hata nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo mwaka wa kwanza hesabuni hela ya sare, tena labda za sauti ya nne tu. Lakini ni hela inayokuja na jina lenu juu yake, wakati kwenye flashi ya bodaboda nina hakika nyimbo zenu zinaitwa Track 01 mpaka Track 08.

Akaunti msiandike jina la mtu mmoja, hata awe mwenyekiti, hata awe mchungaji. Wekeni ya kwaya na watia saini watatu kama ya benki.

Na hapa ndo namrudia kijana wa Mwanjelwa. Wewe una kompyuta, unajua kupanga mafaili, unajua kwaya gani inaulizwa sana kuliko hata redio inavyojua. Nyanda zote hizi zimejaa kwaya na wasanii wa Kinyakyusa na Kihehe wenye albamu zilizolala kwenye kabati, hawajui pa kuanzia. Kuwaandikia majina ya nyimbo sawasawa, kuwatafutia kava, kuwapandishia kwa msambazaji na kuwasomea ripoti kila mwezi, hiyo ni kazi ya mtu wa kibanda. Toza ada inayoeleweka, usijiandike wewe kama mwenye wimbo. Katibu yupo Rungwe, mwendo wa Hiace moja tu toka hapo ulipo.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, Dar Tunduma, miaka 19. Nina flashi ina nyimbo elfu tatu za bendi za zamani, nyingine niliwekewa na marehemu mshkaji wangu. Vijana wananicheka, wanasema mzee strimu. Nikipanda mlima Kitonga wimbo unakatika. Na nyimbo zangu nyingi nikizitafuta humo kwenye apu sizioni. Mimi nami ni mwizi? (Mzee wa barabara)

JIBU: Shikamoo mzee. Kisheria mimi na wewe hatutoki salama, lakini nakuelewa vizuri sana. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam enzi za mikanda, na nyingi hazijawahi kupandishwa na mwenye haki nazo mahali popote, kwa hiyo mtu hata akitaka kulipa anamlipa nani? Zilizomo kwenye apu zishushe ukiwa kwenye waifai nyumbani ili Kitonga isikukatie, wenyewe au familia zao wapate chochote. Zisizokuwemo tunza flashi, tena fanya kopi ya pili uiache kwa mama watoto, flashi zinakufaga bila kuaga.

Hizo za bendi ambazo hazipo kwenye apu ni ngapi hasa kati ya hizo elfu tatu? Ukipita Uyole piga honi mbili, nakuja na flashi yangu.